Mitungi Miwili: Somo la Maada Nililolifaulu Bila Kulielewa

Shule ya msingi nilifundishwa kwamba maada ina hali tatu: mango, kimiminika na gesi. Kidato cha kwanza nikafundishwa jambo lilelile kwa Kiingereza. Kidato cha tano nikakutana nalo tena, safari hii likiwa na fomula. Mara zote tatu nilichora visanduku vitatu: cha kwanza kimejaa vidoti vilivyopangwa kama matofali, cha pili vidoti vimelegea kidogo, cha tatu vidoti vitano au sita vinaelea. Mara zote tatu nilipewa vema.

Sasa niko mwaka wa tatu, nasoma sayansi na ualimu, na nataka kukiri mbele yenu, wanachuo wenzangu, kwamba somo hilo nilikuwa silielewi. Nilianza kulielewa usiku mmoja mwaka jana, saa nane na ushee, nikiwa nimesimama gizani na mkono wangu uko sentimita chache kutoka kwenye swichi ya taa.

Usiku wenyewe

Hosteli zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nilipanga geto nje ya chuo pamoja na rafiki yangu anayesoma sheria. Kila mtu anamwita Wakili. Chumba kimoja, mita tatu kwa mita tatu, dirisha moja, vitanda viwili, na uvunguni mwa kitanda changu mtungi wa gesi wa kilo 6. Uliwekwa uvunguni kwa sababu ukiuacha barazani, asubuhi huukuti. Najua wengi mnaosoma hapa mnaishi hivyohivyo.

Usiku ule niliamka na kiu. Nikasikia harufu mbaya, kama mayai viza, nikadhani jirani hajatoa taka. Nikanyanyuka, nikapapasa ukutani niwashe taa nitafute maji.

"We! Usiguse swichi!"

Wakili alikuwa ameshaketi kitandani. Alinivuta mkono, akafungua mlango, akafungua dirisha, akainama uvunguni na kufunga mtungi gizani kwa kupapasa tu. Tukatoka nje na khanga zetu. Tulikaa barazani zaidi ya saa nzima, tukiumwa na mbu, hatuongei. Kulipopambazuka tuliukuta mpira wa gesi umepasuka pale unapoingia kwenye jiko. Tuliununua jiko lile mkononi kwa mtu, na mpira wake hatukuwahi kuukagua hata siku moja.

Wakili hajasoma fizikia tangu kidato cha pili. Alijua la kufanya kwa sababu mama yake anakaanga chipsi kwa gesi, naye amekulia pembeni ya jiko lile. Mimi niliyekuwa na A ya kemia ndiye niliyetaka kuwasha taa.

Mchana wake tulikuwa kwenye vimbweta, akanigeukia.

"Hebu niambie, wewe si ndiye mwanasayansi. Mtungi ule ukiutikisa unasikia maji yanacheza ndani. Sasa kwa nini tunasema ni gesi? Halafu moshi unapanda juu, kwa nini hii ilikaa chini?"

Nikaanza kumsomea: gesi haina umbo maalumu wala ujazo maalumu, chembe zake ziko mbalimbali na zinatembea huru...

"Hilo ni desa," akanikatiza. "Mimi nimekuuliza swali."

Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Nimechelewa mwaka mzima.

Chembe na nafasi iliyo kati yake

Tuanze na jambo ambalo visanduku vile havikunifundisha: chembe zenyewe hazibadiliki. Chembe ya maji iliyo ndani ya barafu, iliyo kwenye glasi na iliyo kwenye mvuke wa sufuria ni ileile. Yenyewe si ngumu, haina majimaji, wala haina uvuguvugu. Ugumu na umajimaji ni tabia za kundi. Kinachotofautiana ni mambo mawili: chembe zina nguvu kiasi gani ya kwenda, na zinavutana kwa nguvu kiasi gani zisiachane.

Kwenye mango mvutano unashinda. Kila chembe ina mahali pake na majirani zake, na haihami. Lakini haijatulia, inatetemeka hapohapo ilipo. Wanaolala chini ya bati wanaujua mtetemo huu kwa masikio. Mchana jua linapochoma, chembe za bati hutetemeka kwa nguvu zaidi, zinasukumana, na bati linarefuka. Jioni linapopoa linarudi, na hapo ndipo linapolia "ta! ta!" juu ya kichwa chako. Bati la chuma la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 30 linaongezeka takriban milimita 1. Angalia vizuri: chembe hazijanenepa. Kilichoongezeka ni nafasi kati yake.

Kwenye kimiminika, chembe zina nguvu ya kutosha kuponyoka mahali pake lakini hazina nguvu ya kuliacha kundi. Zinateleza, zinabadilishana majirani, lakini bado zimebanana. Hapa ndipo michoro ya madaftari yetu inapotudanganya. Inaonyesha chembe za kimiminika zikiwa katikati ya safari kati ya mango na gesi, wakati kwa kweli kimiminika kimejaa karibu sawa na mango. Maji yenyewe ni kichekesho zaidi: yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, maana chembe zake kwenye barafu hujipanga kwa mtindo unaoacha nafasi wazi katikati. Ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana chupa ya maji iliyojazwa hadi mdomoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka.

Kwenye gesi, chembe zimeshinda mvutano na zimeondoka. Gramu 1 ya maji inachukua nafasi ya sentimita 1 ya ujazo. Igeuze kuwa mvuke kwenye nyuzi 100, itachukua karibu sentimita 1,700 za ujazo. Tafuta mzizi wa tatu wa 1,700, utapata karibu 12. Maana yake kila chembe sasa iko mbali na jirani yake mara 12 ya ilivyokuwa. Hiyo ndiyo maana ya kusema chembe za gesi ziko mbalimbali.

Nilipomweleza Wakili hivi, aliuliza swali lililoninyamazisha: "Katikati ya chembe za hewa kuna nini?"

Nikajibu haraka, "Hewa."

"Hewa katikati ya hewa?"

Tukacheka, lakini mimi nilicheka kwa aibu. Jibu ni kwamba hakuna kitu. Ni utupu. Chumba unachosomea makala haya, ukiacha ukuta na vyombo, kwa sehemu kubwa sana ni nafasi tupu ambayo chembe zinapita kwa kasi. Ukitaka ushahidi wa haraka, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta hewa, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma: linaingia. Fanya hivyohivyo kwa maji: linagoma. Hewa ina nafasi ya kubanwa na maji hayana.

Tunajuaje kwamba zinatembea?

Mtu wa sheria lazima adai ushahidi, na Wakili alidai. Chembe hatuzioni. Gramu 18 za maji, yaani kijiko kikubwa na kidogo hivi, zina chembe zipatazo 602,000,000,000,000,000,000,000. Nani amezihesabu?

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Scotland, Robert Brown, aliangalia kwa hadubini vipunje vidogo sana vilivyotoka kwenye chavua, vikiwa ndani ya maji. Vilikuwa vinachezacheza bila kukoma. Kwanza alidhani labda ni uhai, kwa hiyo akajaribu vumbi la vitu visivyo na uhai, hata la mawe. Likacheza vilevile. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba vipunje hivyo vinasukumwa na chembe za maji zisizoonekana, zinazovigonga pande zote bila usawa. Mfaransa Jean Perrin akapima mchezo huo kwa uangalifu, hesabu zikakubali, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Kwa hiyo ushahidi upo, ingawa ni wa mazingira: hatumwoni anayesukuma, tunaona anayesukumwa.

Na kasi yake ni kubwa mno. Katika joto la kawaida la chumba, chembe za naitrojeni hewani huenda kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mwendo wa sauti. Basi kwa nini jirani akikaanga samaki, harufu haikufikii papo hapo? Kwa sababu chembe haipati njia. Inasafiri chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, tayari imegongana na nyingine, imegeuzwa, imegongana tena, mabilioni ya mara kila sekunde. Ni kama kutaka kutoka ukumbini siku ya mtihani wa mwisho: miguu unayo, ila watu hawakupi nafasi. Kwa kweli harufu nyingi tunazozisikia mbali zimebebwa na upepo mdogo wa chumbani zaidi ya msambao wa chembe zenyewe. Chumba kikifungwa na hewa ikatulia, kitu kilichovuja kinaweza kukaa karibu na kilipovujia kwa muda mrefu. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Mtungi wa bibi

Nyumbani kwa bibi yangu Singida kuna mtungi wa udongo, umewekwa kivulini juu ya mafiga matatu. Maji yake ni baridi hata mchana wa Oktoba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni udongo wenyewe ulio baridi. Ukweli ni kwamba kazi inafanywa na chembe zinazotoroka.

Chembe za kimiminika hazina mwendo mmoja. Kuna za polepole, kuna za wastani, na kuna chache zenye mwendo mkali. Zile kali zikifika juu zinaweza kuponyoka na kwenda hewani bila kungoja maji yachemke. Huo ndio uvukizi. Sasa fikiria darasa la watu 100 wanaosubiri matokeo. Ukiwatoa wale kumi wenye alama za juu kabisa, wastani wa darasa unashuka, ingawa hakuna aliyebaki ambaye amepunguziwa hata alama moja. Joto la maji linatokana na wastani wa nguvu za chembe zake. Zile kali zikiondoka, wastani unashuka, na maji yanapoa.

Mtungi wa udongo una vitundu vidogo vidogo. Maji yanapenya mpaka nje, yanavukiza, na kila yanapovukiza yanaondoka na joto. Kuvukiza gramu 1 ya maji kunachukua takriban jouli 2,400, kiasi kinachotosha kupoza gramu 100 za maji kwa karibu nyuzi 6. Bibi hajasoma haya, lakini anajua kwamba mtungi uliopakwa rangi haupozi. Anajua kwa nini pia: "Umezibwa, haupumui."

Niliuleta mtungi kama huo Dar es Salaam mwaka wa kwanza, nikavunjika moyo. Maji yalipoa kidogo tu. Hewa ya pwani imejaa unyevu, maana yake chembe za maji zilizo hewani ni nyingi, na nyingi zinarudi mtungini kama vile nyingine zinavyotoka. Kutoka na kuingia kukikaribiana, kupoa kunakuwa hafifu. Singida hewa ni kavu, wanaotoka hawarudi.

Mtungi wa gesi

Sasa nirudi uvunguni. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani kwenye karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Dar es Salaam, au popote nchini petu chumbani, chembe hizo zina nguvu ya kutosha kuwa gesi. Kiwandani zimebanwa kwa mgandamizo mkubwa mpaka zikasogeleana kiasi cha mvutano wao kuzishika tena. Zikawa kimiminika. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la Wakili: kinachocheza mtungini ni kimiminika kweli, kilichowekwa katika hali hiyo na ukuta wa chuma. Juu yake imeachwa nafasi yenye gesi, na gesi hiyo ndiyo inayokuja jikoni.

Ukifungua jiko, gesi ya juu inatoka, mgandamizo unapungua kidogo, na hapohapo chembe nyingine zinaponyoka kutoka kwenye kimiminika kuziba pengo. Kwa hiyo mwali unakaa karibu vilevile kwa wiki nyingi, kisha siku kimiminika kinapoisha gesi inakata ghafla, mara nyingi maharage yakiwa nusu. Na kwa sababu wanaoponyoka ni wale wenye nguvu, kinachobaki kinapoa. Pika kwa moto mkubwa kwa muda, kisha shika mtungi sehemu ya chini: ni baridi, na siku yenye unyevu utaukuta umetoa jasho. Jasho hilo ni mvuke wa hewani uliogusa chuma baridi ukawa maji.

Hapo ndipo nilipoiona sheria moja ikifanya kazi katika mitungi miwili. Mtungi wa bibi unapoza maji kwa chembe zinazotoroka polepole kupitia udongo. Mtungi wa uvunguni unapoa kwa chembe zinazotoroka kupitia regyuleta. Tofauti ni kwamba zinazotoka kwa bibi hazina madhara.

Swali la pili lilikuwa kwa nini ilikaa chini. Chembe ya propani ni nzito kuliko wastani wa chembe za hewa kwa mara moja na nusu, ya butani mara mbili. Moshi wa jiko unapanda kwa sababu umebebwa na hewa ya moto, ambayo chembe zake zimetawanyika na kwa hiyo ni nyepesi. Gesi iliyovuja haina moto. Inatoka ikiwa nzito, inamwagika kama maji yasiyoonekana, inatambaa sakafuni, inajaa uvunguni. Hewa ikiwa imetulia na dirisha limefungwa, hakuna cha kuitawanya haraka. Nayo yenyewe karibu haina harufu. Ile ya mayai viza huongezwa makusudi ili pua zetu zituamshe.

Hesabu ya geto letu

Tulifanya hesabu hii juu ya kimbweta, nyuma ya karatasi ya jaribio la zamani. Ifanye na ya kwako.

Kilo 6 za gesi hiyo ikiwa kimiminika ni kama lita 11. Ikigeuka gesi katika joto la kawaida, kila lita inakuwa takriban 250. Jumla ni zaidi ya lita 2,500, zilizokuwa zimekunjwa ndani ya kitu tunachokibeba kwa mkono mmoja.

Chumba chetu ni mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Hiyo ni mita za ujazo 22.5, au lita 22,500. Gesi ya kupikia inaweza kulipuka ikifikia karibu asilimia 2 ya hewa. Ikizidi takriban asilimia 9 hewa inakuwa haitoshi kuunguza. Asilimia 2 ya lita 22,500 ni lita 450, yaani kama kilo 1 ya gesi ikisambaa sawasawa chumba kizima.

Lakini tumeshaona kwamba haisambai sawasawa. Tuseme imebaki kwenye sentimita 30 za chini, usawa wa uvungu. Hapo ujazo ni lita 2,700 tu, na asilimia 2 yake ni lita 54. Lita 54 ni kama gramu 120. Kimiminika cha gramu 120 kinaingia kwenye glasi moja ya maji.

Glasi moja. Wakili aliisoma namba ile mara mbili, kisha akasema, "Na wewe ulitaka kutafuta maji." Swichi ya taa hutoa cheche ndogo ndani yake unapoibonyeza. Huwezi kuiona, ila inatosha.

Ukisikia harufu

Kwa hiyo, mwenzangu wa geto, ukisikia ile harufu usiwashe wala usizime kitu chochote cha umeme. Kuzima nako hutoa cheche. Usiwashe kiberiti, usitumie simu chumbani. Fungua mlango na madirisha. Funga mtungi kama unaufikia bila hatari. Toka nje, waamshe majirani. Ukiwa nje na mbali, kama gesi bado inavuma au kuna moto, piga 114, Zimamoto.

Mpira na viungo vyake vikague kwa maji ya sabuni: paka, fungua mtungi, angalia. Povu likivimba, kunavuja. Usitumie kiberiti kutafuta panapovuja. Mtungi usimame wima siku zote. Ukiulaza, kimiminika chenyewe kinafika kwenye regyuleta, na kila lita yake ni lita 250 ikitoka. Wetu sasa unakaa barazani, umefungwa mnyororo na kufuli. Mnyororo ni rahisi kuliko mazishi.

Aliyeuliza

Nilijiuliza kwa nini nilipita shule miaka yote ile bila kuuliza swali la Wakili. Mtungi nilikuwa nautikisa tangu sekondari. Nadhani nilikuwa nimeweka mambo kwenye makabati mawili: ya mtihani huku, ya jikoni kule. Wengine tulibadilishiwa lugha katikati ya safari, na chembe za Kiswahili na chembe za Kiingereza hazikuwahi kukutana kichwani.

Mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, hakukubali makabati hayo. Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unangoja yapoe, unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa, yeye akaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganya mambo. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoa mhadhara, Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza tena, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya kitaaluma. Dunia nzima inaliita tukio hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi wanabishana mpaka leo, wengine kuhusu sababu, wengine kama kweli lipo. Mojawapo ya maelezo yaliyopendekezwa ni uvukizi: cha moto hupoteza chembe nyingi, kinachobaki ni kidogo. Ni jambo lilelile la mtungi wa bibi.

Mwezi ujao naenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimeshaamua kwamba visanduku vitatu nitavichora mwishoni. Nitaanza na mtungi, na nitangoja mwanafunzi wa kwanza aulize kwa nini unacheza maji.

Maswali ya kujadili kimbwetani

1. Kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo kuliko siku tulivu, hata joto likiwa sawa?

2. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kwenye sanduku la nguo hupungua mpaka kwisha bila kulowesha nguo. Chembe zake zimepita hali zipi?

3. Mtungi wako unatumika kwa moto mkubwa, mwali unapungua, lakini ukiutikisa bado una kimiminika. Ukiuacha nusu saa, mwali unarudi. Eleza.

4. Pima chumba unacholala. Piga hesabu ya gramu zako, kisha uangalie uvunguni.